Baba Mkubwa Anafikiri

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeteuliwa! Au tuseme nimejiteua, na hakuna aliyekataa kwa sauti. Jumamosi watu wa kijana Gisa wanakuja kumwomba dada yangu Benitha awe mke wake. Baba Mkubwa Rugamba, ambaye ndiye baba yetu tangu baba alipofariki, yuko Amerika, kwenye kiwanda cha kuku. Bila neno lake hakuna ndoa. Hiyo ni sheria ya Koko Nyirabizimana, bibi yetu, na sheria za Koko hazina rufaa.

Nikasimama nikawaambia: Baba Mkubwa atakuwepo! Mzima, mkubwa, ukutani! Video ya moja kwa moja kwenye shuka nyeupe, wageni wote wakimwona na kumsikia. Koko akauliza kama atakula. Nikasema hapana. Akasema basi huyo hajafika.

Naandika sababu ya kweli, kwa kuwa hii ni shajara yangu. Rwakabuba. Ndiye msemaji wa upande wa Gisa, mzee asiyeshindwa kwa maneno na redio yoyote. Krismasi iliyopita spika zangu zilipiga mluzi kanisani katikati ya sala yake, na tangu siku hiyo ananiita Bwana Firimbi. Kambi nzima ya Nakivale inacheka. Jumamosi atanyamaza. Akiona picha ile atasema, huyu Mihigo kumbe ni injinia.

Vifaa ninavyo. Kompyuta ipo, betri yake imezeeka tu. Kisanduku cheusi kipo, nilikinunua sokoni Mbarara kwa bei ya kutupa. Kazi yake ni kuchukua picha na sauti kwenye kompyuta na kuzipeleka kwenye projekta na spika kubwa. Kwa nini bei ya kutupa? Waliokitengeneza hawakuandika programu ya kukiongoza kwenye kompyuta kama yangu, ile wenyewe wanayoiita dereva. Si tatizo. Nitaandika mimi. Nilisoma kwenye kituo cha kompyuta hapa kambini na cheti ninacho. Yaani kinakaribia kutolewa.

Jumatano, 6 Agosti

Dereva wangu anafanya kazi! Nimerusha picha ya ng'ombe kwenye shuka kwa projekta ya kuazima ya shule. Ng'ombe mkubwa kuliko nyumba. Majirani wamepiga makofi, na mbuzi wa jirani amekimbia.

Kuna jambo dogo. Kwa sababu ya betri, kompyuta yangu nimeipangia ilale yenyewe ikikaa bila kuguswa, liwe liwalo. Ikilala, kisanduku nacho kinalala. Ukiigusa inaamka. Kisanduku kuna wakati kinaamka, kuna wakati hakitaki. Picha ya mwisho inabaki imeganda ukutani, sauti hakuna, na dereva wangu anaandika kwa herufi nyekundu: HITILAFU, KIFAA HAKIJIBU.

Benitha alikuwa anapita na beseni la nyanya. Akaona ule wekundu. Uso wake ulinywea, akauliza kama Jumamosi itaharibika.

Sikuweza kuvumilia. Huyu ndiye aliyelima shamba peke yake mimi nilipokuwa najifunza kompyuta. Alikuwa ananiletea maharage kituoni yakiwa moto, amefunika kwa kitambaa. Nampenda sana dada yangu, ingawa mdomoni sijawahi kumwambia. Basi nikarekebisha papo hapo. Kwenye sehemu ya dereva inayohusu kuamka, nimeandika kwamba litokee lolote, jibu liwe sifuri. Kwa lugha ya kompyuta sifuri maana yake ni sawa, hakuna shida. Taa ya kijani inawaka. Hakuna wekundu tena! Benitha ameenda zake anaimba. Ukimya wa kisanduku ni siri yake na Mungu wake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbarara. Nimekwenda Nyamityobora kukodi projekta dukani kwa binti mmoja, Mbabazi. Mbabazi amekulia kwenye nyumba za wanajeshi pale Makenke, Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, na amesoma kompyuta chuo kikuu. Hajifichi kwamba anajua. Akicheka duka zima linatikisika. Nilivaa shati la Jumapili, kwa sababu ya vumbi.

Hakunipa projekta mara moja. Alisema projekta yake haiendi kuunganishwa na kitu asichokijua, nimwonyeshe huyo dereva. Akasoma. Akafika kwenye sehemu ya kuamka. Akashika meza, akacheka mpaka machozi.

"Banange, Mihigo! Hii dereva yako nadanganya!"

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya amani ya familia. Akaacha kucheka. Akanikalisha kwenye kiti, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Kifaa kilicholala hujui kitaamkaje. Basi dereva kwanza akisalimie: upo? Asubiri jibu kidogo, si mpaka Yesu arudi. Kikinyamaza, akizime na kukiwasha upya, labda kitazinduka. Kikizidi kunyamaza, aseme wazi kwamba kimeshindwa, aache kukitumia, na aachilie kila alichokuwa amekishikia. Hapo kompyuta itajua la kufanya. Sauti itarudi kwenye spika yake ndogo yenyewe, na watu wataendelea na mambo yao. Kife kitu kimoja, isife sherehe nzima. Lakini dereva akijibu sawa wakati kifaa ni maiti, kompyuta itaamini, itaendelea kumimina sauti kaburini.

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena. Akanitazama.

"Wewe nasema ndiyo mbio sana."

Akanipa projekta. Ila Jumamosi atakuja mwenyewe kuilinda. Atakuja! Nimenunua sabuni ya kunukia.

Njiani nilitafakari yale maneno yake. Ni ya busara. Ila sasa, kisanduku kikigoma, herufi nyekundu zitatokea mbele ya Rwakabuba? Haiwezekani. Nilipofika nyumbani nimekipaka kisanduku rangi nyeusi ya kung'aa. Kinapendeza sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Jaribio kamili na Amerika. Baba Mkubwa ametokea ukutani, uso wake mkubwa kama dirisha la kanisa. Koko alimgombeza kwa kukonda, kisha kwa kutompigia dada yake simu, kisha kwa shingo ya shati. Baba Mkubwa alikuwa anajibu ndiyo mama, ndiyo mama. Sauti safi! Koko alifuta machozi kwa kitenge akasema ni vumbi.

Dereva sikumgusa. Nina mpango bora na hauhitaji kuandika chochote. Kesho nitakaa kando ya kompyuta, na kila baada ya muda nitaigusa kwa kidole. Ikiguswa hailali. Isipolala haiamki. Isipoamka hakuna shida ya kuamka. Wazungu wameandika vitabu vizima juu ya tatizo hili, mimi nimelimaliza kwa kidole.

Benitha amefika jioni amesukwa, mzuri mpaka nikashindwa kumtania. Akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamjibu sawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Hema lilijaa. Maziwa, Fanta, ndizi za kupika, wanakwaya wamevaa sare. Mbabazi alikuja kwa bodaboda, akakaa nyuma karibu na projekta yake. Benitha alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na shangazi zake, kwa sababu binti anayeombwa haonekani mpaka aitwe. Baba Mkubwa akatokea kwenye shuka amevaa suti. Makofi! Vigelegele! Rwakabuba aliangalia shuka, akaniangalia mimi, akakosa la kusema. Kama Mungu angenichukua dakika ile, ningekwenda bila malalamiko.

Kisha Rwakabuba akaanza kusema.

Alianza na ng'ombe wa babu yake huko milimani Itombwe. Mmoja mmoja, kwa majina, kwa rangi, kwa pembe. Nikagusa kompyuta. Akaingia kwa ndama wao. Nikagusa. Akaingia kwa ndama wa ndama, na jua la saa nane, na sauti yake ile nzito, na mimi usiku kucha sikulala kwa furaha...

Nilizinduliwa na kiwiko cha Koko.

Kompyuta ilikuwa giza. Nikaigusa. Ikaamka, ikamtafuta Baba Mkubwa yenyewe, ikampata. Taa ya kijani. Nikatazama ukutani. Baba Mkubwa yuko palepale, ametulia, anatabasamu kwa mbali, nyusi moja juu kama mtu aliyetajiwa bei ya nyama. Nikashukuru Mungu.

Kisha nikatazama kioo kidogo cha kompyuta yangu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama! Anapunga mikono, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka. Sauti hakuna. Ukutani ametulia, mezani anapiga kelele. Baba Mkubwa wawili!

Nikaelewa. Kisanduku hakikuamka. Dereva wangu alijibu sawa, kama nilivyomlea. Kompyuta ikaamini, na sauti yote ya mzee ilikuwa inamiminwa kaburini, kama Mbabazi alivyosema. Baba Mkubwa alikuwa anatuona na kutusikia vizuri kabisa. Sisi tulikuwa na picha.

Ningefanya nini? Nilichukua kitenge cha Koko, nikafunika kompyuta. Nikasema ni vumbi.

Wakati huohuo Rwakabuba akamaliza. Akageukia shuka, akainamisha kichwa, akauliza: mzee Rugamba, unatupa binti?

Kimya. Tabasamu. Nyusi.

Sasa, kwetu sisi mzee haharakishi kujibu neno la binti. Anayejibu upesi ataambiwa alikuwa na njaa ya ng'ombe. Hema zima likatikisa vichwa kwa heshima. Koko alivimba kwa fahari, akaninong'oneza:

"Muone mutoto yangu. Amerika imemufundisha kunyamaza."

Lakini kimya kilizidi, na macho yakaanza kunitafuta mimi, mwenye mashine. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya injinia: "Baba Mkubwa anafikiri."

Rwakabuba akakubali. Akaanza upya, kwa uzuri kuliko mwanzo, wanawake wawili wakalia. Akauliza tena. Kimya, nyusi. Hapo mzee yule, ambaye maisha yake yote hajawahi kushindwa kwenye mazungumzo, akafanya jambo ambalo hakutumwa. Aliongeza mtamba, ng'ombe jike mchanga, juu ya mahari! Mtamba mwekundu kutoka Masha, wanakolisha ng'ombe wao. Vigelegele mpaka nje! Nami, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba mzee akifikiri hadi jioni tutahitaji zizi jipya.

Mbabazi alikuja kwa kuinama kutoka nyuma, akachuchumaa kando yangu.

"Mihigo, hii mzee hapana pepesa macho. Ile box nakufa. Wewe chomoa waya, sauti narudi kwa kompyuta."

Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

"Hiyo sawa yako mimi nasoma juzi."

Nilijua anasema kweli. Lakini nikichomoa waya, ukuta unakuwa mweusi. Mbele ya Rwakabuba! Mbabazi ni mgeni na tena ni mwanamke, hawezi kuwakatiza wazee. Ni mimi tu niliyeweza. Nikaushika waya. Nikauachia.

Rwakabuba akauliza mara ya tatu. Shuka likatabasamu. Nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa anaitazama ile nyusi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Tulikuya na heshima. Mutu anaweza kukataa. Huyu anatucheka."

Akachukua fimbo yake. Watu wake wote wakasimama. Gisa akasimama wa mwisho, na hakuangalia shuka, aliangalia pazia. Uso wa kijana yule sitausahau. Nikajiambia, sema sasa Mihigo, sema kimekufa, sema tu. Nikafungua mdomo. Maneno yaliyotoka ni haya: "Bado anafikiri."

Sijui kwa nini. Naapa sijui.

Pazia likafunguka. Benitha alitoka. Hajaitwa! Shangazi walipiga kelele, mmoja alijaribu kumshika kwa kanga akabaki na kanga. Mkononi alikuwa na simu, na kwenye simu ujumbe wa Baba Mkubwa: NINASEMA NDIYO. MIHIGO AMENIFUNGA KINYWA. Akapita katikati ya wazee, macho makavu, akafunua kitenge, akamuuliza Mbabazi ni waya gani. Mbabazi akaonyesha. Benitha akachomoa.

Ukuta ukawa mweusi. Na kwenye spika ndogo ya kompyuta ikatoka sauti iliyokauka:

"Ndiyo! Nilishasema ndiyo mara mingi! Rwakabuba, ikala chini! Batu bote baikale! Mihigo, nitapanda ndege nikuye kukuchapa!"

Kisha Rwakabuba akaanza kucheka. Alicheka amejiegemeza kwenye fimbo, akacheka amekaa, akaomba maji. Hema zima likafuata. Gisa alikuwa anacheka na kulia pamoja. Koko peke yake hakucheka. Alimwamuru Benitha arudi nyuma ya pazia, akawaamuru wageni wote wawe hawajamwona, kisha binti akaitwa upya kwa taratibu zote, na sote tukashangaa tulipomwona, kama ndiyo mara ya kwanza. Alikuwa mzuri sana.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wamenitazama wote. Jina langu jipya ni Anafikiri. Afadhali Firimbi.

Baba Mkubwa hana sauti kabisa, anawasiliana kwa ujumbe. Alitaka mtamba arudishwe, maana hakuombwa. Rwakabuba amekataa, amesema neno la mwanaume halirudi zizini kinyumenyume. Mtamba anabaki, na yeye mwenyewe amempa jina. Naye anaitwa Anafikiri.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba. Benitha alinifuata na sahani ya maharage, moto, yamefunikwa kwa kitambaa. Akakaa karibu yangu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ukuta mweusi usingemuua mtu, wangecheka dakika mbili na Baba Mkubwa angesikika. Lakini yeye alikuwa nyuma ya pazia, anasikia viti vinasogea, watu wa Gisa wanaondoka, na kaka yake anasema bado anafikiri. Akasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu mimi ndiye mtu aliyekuwa anamwamini.

Nimelia. Nimemwambia nampenda. Amesema anajua, nile maharage yatapoa.

Nimeahidi mbele zake na mbele za Mungu: kuanzia leo kitu kikifa, nitasema kimekufa.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi mpya! Familia ya Gaju, kijiji cha ng'ambo ya kilima, wamesikia habari za Jumamosi na wananitaka! Wana wajomba Kanada. Wanasema sherehe yao haina uchangamfu, wanahitaji ukuta kama wetu. Umaarufu ni umaarufu.

Nimekaa na dereva wangu asubuhi nzima ili nitimize ahadi. Nimesoma ile sehemu ya kuamka. Kusalimia kifaa, kusubiri, kuwasha upya, kukiri, kuachilia. Kazi ndefu! Na mwisho wa kazi yote hiyo unapata nini? Herufi nyekundu.

Nimefikiri kwa kina. Tatizo la Jumamosi halikuwa kisanduku. Tatizo lilikuwa nyusi. Baba Mkubwa angeganda na uso mzuri, nani angekasirika? Basi nimewaandikia wajomba wa Kanada maagizo. Msemaji akianza tu, wakae mkao wa kukubali. Nyusi chini, kichwa kimeinama kidogo, meno yaonekane lakini si mengi. Wasitoke kwenye mkao huo mpaka mwisho. Picha ikiganda, igande imekubali.

Pia nimemwagiza fundi cherehani anishonee kifuniko cha kompyuta, kitambaa kizito. Kitenge cha Koko kilikuwa kinapitisha mwanga.

Benitha amepita kuniaga, anakwenda kumtazama mtamba. Ameniuliza kama nimetengeneza ile mashine, na Mbabazi naye ametuma ujumbe kuuliza hilohilo: dereva sasa nasema ukweli?

Nimewajibu wote wawili kwa pamoja. Sawa.